Nilivyompanda Farasi Kwenda Kumtetea

Leo msinisalimie. Nimeaibika mbele ya kitongoji kizima, mchana kweupe, nikiwa nimekaa juu kuliko watu wote ili kila mmoja anione vizuri. Na nina hasira. Nina hasira na farasi. Nina hasira na shule. Nina hasira na mpishi na sufuria lake. Hasira niliyonayo juu yangu mwenyewe nimeiweka kando kwanza, hiyo ni kubwa, nitaifikia.

Naeleza mwenyewe kwa sababu najua video imeshawafikia baadhi yenu, na video inaanzia katikati. Anayeanza kutazama katikati anaona mtu mzima mwenye kofia ngumu amekaa juu ya farasi kwenye foleni ya watoto wa shule. Anacheka. Hajui ilivyokuwa. Sasa sikilizeni ilivyokuwa, halafu (ikiwezekana) msicheke.

Kwa wale tuliopotezana, niko Mufindi, nje kidogo ya Nyololo, kwenye shamba la Mama Leokadia. Mnanijua mimi, sikai. Nimekoboa mpunga Rujewa, nimeziba pancha Ipogolo, nimepakia viazi Mbeya. Kote huko nilikaa mpaka miguu ikawasha, nikafunga begi. Lakini kazi moja tu niliwahi kuipenda maishani, nayo ni farasi. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua kwenye shamba moja la huku huku juu, lilikuwa na farasi kumi na wawili, na mzee mmoja mfupi aitwaye Attilio ndiye aliyekuwa anawafundisha. Yeye ndiye aliyenifundisha na mimi. Asubuhi ukungu umejaa, unasikia kwato kabla hujaona farasi. Harufu ya ngozi ya matandiko iliyopakwa mafuta. Leo shamba lile lote ni msitu wa mipaina, ukipita hata banda huoni.

Kwa hiyo mwaka jana niliposikia kuna mama kanunua shamba akakuta farasi ndani yake, kama mtu anavyonunua nyumba akakuta paka, nilipanda gari siku hiyo hiyo.

Mama Leokadia ni nesi mstaafu. Haongei sana. Alinitazama, akamtazama farasi, akasema, "Huyu hapandiki, hakamatiki, na kila mtu ananiambia nimuuze. Nakupa miezi mitatu. Wageni wakiweza kumpanda, mnabaki wote wawili. Wakishindwa, mnaondoka wote wawili."

Farasi mwenyewe anaitwa Karani. Ni wa rangi ya chai ya maziwa, ana uso mrefu, na kutwa anaweka kidevu juu ya uzio akitazama anayeingia na anayetoka kama anaandika majina. Tatizo lake kubwa lilikuwa hilo la kutokamatika. Akiona hatamu mkononi mwako, basi. Unamzunguka uwanjani saa nzima, wewe unatoka jasho, yeye anajamba.

Dawa yake niliijua. Mzee Attilio alikuwa akisema farasi hakimbizwi, farasi anaitwa. Nikatafuta ringi ya lori, nikaitundika kwenye mti wa mwati mbele ya banda. Kila siku saa tano kamili nagonga ringi kwa chuma, ngo! ngo! ngo!, halafu namwaga pumba kwenye beseni. Wiki ya kwanza alinitazama tu. Wiki ya pili alikuja akinuna. Mwezi ulipoisha, nikigonga mara moja tu anakuja mbio, anasimama mbele ya beseni, ananyoosha shingo avalishwe. Nikamfundisha kusimama bila kutikisika. Nikamfundisha kurudi nyuma hatua tatu. Wageni wa wikiendi wakaanza kumpanda na kupiga picha. Miezi mitatu ikapita, hakuna aliyeniambia nifunge begi.

Watu wa hapa wakaanza kuniita Fundi. (Nililipenda jina hilo. Nakiri. Nililipenda mno.)

Matatizo yakaanza na njegere za Mama Vestina.

Mama Vestina ni mjane, jirani yetu. Bondeni, kati ya shamba letu na shule ya msingi, ana kinyungu chake, yaani ile bustani ya bondeni tunayolima kiangazi ardhi ikiwa bado na maji. Amepanda njegere. Kila asubuhi anaondoka na ndoo kwenda kuuza barabarani Nyololo, akirudi mchana anakuta mstari mmoja wa njegere umelazwa chini na vichwa vimeng'olewa. Leo mstari huu, kesho ule ule. Mnyama anapita katikati ya kinyungu kama barabara ya lami.

Akaja shambani, hata hodi hakupiga vizuri.

"Kamwene. Fundi, farasi wako anakula njegere zangu."

"Kamwene, mama. Farasi wangu hatoki."

"Kwato ni za duara. Ng'ombe hana kwato za duara."

"Na punda je?"

Hapo ndipo nilipofanya dhambi yangu. Maana kweli punda wapo. Jilala, Msukuma aliyehamia na wazazi wake Usangu tangu mdogo, alipanda huku juu miaka miwili iliyopita na punda wanne. Wanabeba mbao kutoka msituni, na njia yao inapita juu kidogo ya kile kinyungu. Jilala ni mtu mpole, mrefu, anaongea taratibu kama anahesabu maneno. Hakuwa amenikosea kitu chochote. Lakini nilihitaji mwizi, na yeye alikuwa na wanne.

Nilihakikishaje kwamba Karani hatoki? Kwa akili zangu zote. Kila siku saa nne kasoro naenda barabarani kunywa supu (kuna mama mmoja pale, chapati zake acheni tu). Naondoka Karani yuko uwanjani. Narudi, saa tano nagonga ringi, Karani anakuja. Yupo kabla, yupo baada. Sasa angetoka saa ngapi? Hata kitoto cha darasa la kwanza kingeona kwamba haiwezekani.

(Vitoto vya darasa la kwanza, nimekuja kugundua leo, vilikuwa vinajua kila kitu.)

Jilala aliitwa akaulizwa. Alikwenda kinyunguni, akachuchumaa, akatazama alama, akasimama.

"Kaka," akaniambia, "punda ana kwato kama kikombe. Hii ni sahani."

"Kwato ikiteleza kwenye matope inapanuka," nikasema.

"Inapanuka?"

"Inapanuka."

Akapima alama moja kwa kiganja. Halafu akauliza, "Na mbona Jumamosi na Jumapili mwizi hali?"

"Kwa sababu siku hizo punda wako hawabebi mbao. Hawana njaa."

Jamani, nilijibu haraka na kwa sauti kubwa, na waliokuwepo wakakubali kwa vichwa. Fundi kasema. Mtu aliyesoma farasi tangu ujana wake kasema. Ndipo mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Chesco, akaitisha mkutano wa leo. Na Mama Leokadia jana jioni akaniita barazani kwake.

"Edmundo, una uhakika?"

"Mama, nina uhakika asilimia mia."

"Sikiliza. Mimi nimehamia juzi kwa watu hawa. Ikionekana ni farasi wangu anayemdhulumu mjane, farasi atauzwa kabla ya Krismasi, na wewe utakwenda unakokwendaga. Ikionekana ni punda, Mzee Chesco amesema Jilala atawaondoa kwenye kitongoji. Kwa hiyo kesho mtu mmoja anapoteza mnyama. Uwe na uhakika."

Nililala vibaya. Siyo kwa wasiwasi, kwa hasira. Yaani mimi, niliyemtoa yule farasi kwenye ukorofi nikamfanya mtumishi wa Mungu, leo niitwe kwenye mkutano kama mshitakiwa? Nikaamua. Kesho siendi kwa miguu. Kesho nampanda Karani mwenyewe mpaka mkutanoni. Mshitakiwa aje asimame mbele ya watu, wamwone alivyo na adabu, halafu waseme tena.

Hakuna aliyenituma. Andikeni hilo. Hakuna hata mmoja aliyeniambia nije na farasi.

Asubuhi nilimpiga brashi mpaka akang'aa. Nikamfunga tandiko, nikamvalisha hatamu mpya, nikavaa buti na ile kofia ngumu ya wageni. Tukashuka kwenda uwanja wa ofisi ya kitongoji. Uwanja huo uko mteremkoni, kinyungu cha Mama Vestina kiko chini yake tu, ukisimama pale unakiona chote. Ng'ambo ya bonde kuna miwati, na nyuma ya miwati kuna shule.

Watu walikuwa wengi kuliko mkutano wa maji. Mzee Chesco amevaa koti lake la mikutano. Mama Vestina amekaa mbele na kapu la njegere zilizopondwa, ushahidi. Mama Leokadia amesimama pembeni mikono kifuani. Jilala alikuja na punda wake wote wanne, amewafunga kwenye mti, hawana mzigo. Nilipoona vile nikacheka moyoni. Naye kaja na washitakiwa wake. Ila wake wamesimama kizembe, masikio yameanguka, mmoja anakula gunia. Wangu amesimama kama askari wa gwaride.

"Mbona umekuja na farasi?" Mzee Chesco akauliza.

"Mwenyekiti, nimemleta ili haki itendeke."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikavimba kichwa.

Mzee Chesco akaeleza kesi. Mama Vestina akainua kapu. Jilala akapewa nafasi, akasema maneno yale yale ya kikombe na sahani, kwa sauti ile ile ya taratibu, na mimi nikawa natabasamu nikitazama watu kama mtu anayesikiliza mtoto. Halafu nikaitwa mimi. Sikushuka. Niliongea nikiwa juu.

Nilihutubia, ndugu zangu. Niliwaeleza farasi ni nini. Niliwaonyesha anavyosimama bila kushikwa: nikaachia hatamu, nikainua mikono yote miwili. Karani hakutikisika. Nikamrudisha nyuma hatua tatu. Akarudi tatu, siyo mbili, siyo nne. Nikamshusha mpaka ukingoni mwa kinyungu, pua yake futi mbili kutoka kwenye njegere mbichi, nikamwambia simama. Akasimama. Hata kunusa hakunusa! Nikamrudisha mbele ya watu.

"Je," bibi mmoja akauliza, "akishikwa na kichaa akakimbia, utamzuiaje?"

Swali zuri. Nikalipokea kwa furaha kubwa. Nikawaeleza siri ya Mzee Attilio: farasi akitaka kukimbia usivute hatamu zote mbili, utashindana naye na yeye ana nguvu. Vuta moja tu, taratibu, mpaka pua yake ielekee goti lako. "Farasi," nikasema, nikainua kidole, "hawezi kukimbia akiwa amekunja shingo. Maumbile yake hayaruhusu."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mzee Chesco akafunga daftari lake.

"Ndugu wananchi, mimi naona mambo yako wazi. Mnyama mwenye mafunzo ya namna hii hawezi kwenda kuiba mwenyewe. Jilala, kijana wangu, hatukuchukii, lakini hao punda itabidi kufikia mwisho wa wiki…"

Nikamtazama Jilala. Hakubisha. Aliinama akaanza kufungua kamba ya punda mmoja, polepole, kama mtu aliyeshazoea kuhamishwa. Kitu fulani kikanichoma hapa kifuani. Nikakiambia kitulie.

Na hapo hapo, kutoka ng'ambo ya bonde, nyuma ya miwati:

Ngo! Ngo! Ngo!

Ringi ya shule. Saa nne. Uji.

Ile ringi inagongwa kila siku ya shule saa nne, na mimi kila siku ya shule saa nne niko barabarani nimeinamia bakuli la supu. Sijawahi, hata siku moja, kuwa juu ya Karani wakati inapolia. Shamba la zamani halikuwa na shule karibu. Mzee Attilio hakuniambia habari za shule.

Masikio ya Karani yakasimama wima. Nikasema kwa upole, "Tulia." Nikahisi mgongo wake umebadilika chini yangu, umekuwa kama jipu. Nikasema, kwa upole uliopungua kidogo tu, "Karani, tulia."

Akaondoka.

Sikusema alianza kutembea. Aliondoka! Kofia ikanishuka machoni. Mguu wa kushoto ukatoka kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia. Nikakumbuka elimu yangu, nikavuta hatamu moja mpaka pua yake ikaja gotini kwangu kabisa. Akanitazama. Nilimwona jicho kwa jicho, jamani, sura imegeukia kwangu, shingo imekunjwa kama bomba la sinki, na miguu bado inakimbia kwenda mbele! Maumbile gani? Maumbile ya nani?

"Vuta moja!" nikamsikia yule bibi akipiga kelele nyuma yangu. "Fundi, vuta moja!"

Tukaingia kinyunguni. Na hakuingia popote tu. Aliingia kwenye mstari ule ule, ule uliolazwa, akikanyaga alama zake mwenyewe moja baada ya nyingine kama mtu anayejua vigae vya nyumba yake. Katikati akashusha kichwa bila kupunguza mwendo, akang'oa tonge moja la njegere, akaendelea huku anatafuna. Mbele ya macho ya watu wote! Hakuwa na haya hata ya kusubiri tutoke upeoni mwao!

Tukapita kwenye miwati kupitia kitundu ambacho sikuwahi kukijua. Matawi yalinipiga usoni, maana kitundu kilikuwa kimezoea farasi peke yake. Tukatokea uwanja wa mpira. Tukapita kati ya magoli. Nikaanza kupiga kelele, "Watoto, tokeni! Tokeni njiani! Farasi kachanganyikiwa!"

Hakuna mtoto aliyetoka njiani. Hakuna aliyeshtuka. Karani alipofika mita kumi kutoka jikoni akapunguza mwendo mwenyewe, akatembea kwa heshima, akaenda akasimama kwenye foleni. Narudia. Kwenye foleni! Nyuma ya msichana mmoja wa darasa la pili mwenye kikombe cha bluu. Msichana aligeuka, akampapasa pua, halafu akaniona mimi.

"Mwalimu!" akaita. "Leo Karani kaja na mtu!"

Mpishi, mama mnene aliyefunga kitenge kifuani, hata macho hakuinua kutoka kwenye sufuria.

"Leo amechelewa. Mwambieni ukoko wake uko pale."

Na pale, chini ya dirisha la jiko, palikuwa na beseni. Beseni lake mwenyewe. Limejaa ukoko wa ugali wa jana uliolowekwa, na juu yake wamemwekea ganda la ndizi kama pambo.

Nilitaka kushuka. Sikuweza. Mguu mmoja ulikuwa haupo kwenye kikuku na mwingine ulikuwa umezama mpaka kisigino haukubali kutoka. Kwa hiyo nilibaki pale juu, foleni ikisogea, nami nikisogea nayo, hatua kwa hatua, mpaka mkutano mzima wa kitongoji ulipotokea kwenye miwati ukihema. Mzee Chesco mbele na koti begani. Mama Vestina na kapu lake. Simu za kamera zimeinuliwa juu.

Wakasimama. Wakatazama. Karani alikuwa wa tatu kutoka mbele.

"Hivi," Mzee Chesco akasema, akitafuta pumzi, "huyu huwa anakuja?"

"Kila siku ya shule," mpishi akajibu. "Akimaliza anakaa kidogo na watoto, halafu ringi ya kule kwenu ikigongwa saa tano anarudi. Ana adabu sana. Mimi nilidhani mmemtuma."

Ana adabu sana! Mwaka mzima mnyama huyu anaruka uzio wangu, ameajiriwa sehemu mbili, anapokea huku, anapokea kule, na mimi ndiye niliyemfundisha kugongewa!

"Karani kaja kuchukua muhtasari!" mtu mmoja akapiga kelele nyuma, na hapo watu wakaachia. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Watoto wakacheka kwa sababu wakubwa wanacheka. Yule bibi wa swali alikuja mpaka kwenye buti langu, akanishika mguu, akaniuliza kwa huruma ya kweli, "Fundi, ile shingo, mbona aliikunja na bado akakimbia?"

 

Nilisaidiwa kushuka na Jilala. Ndiyo. Watu wote wanacheka, yeye akaja, akakizungusha kikuku kidogo tu kwa kidole, mguu ukatoka. Nikateremka nikiwa nimekumbatia shingo ya Jilala kama mgonjwa.

Mama Leokadia akasogea. Kelele zikapungua. Alimtazama Karani aliyekuwa sasa ameinamia beseni, uso mzima ndani, halafu akanitazama mimi.

"Asilimia mia," akasema.

Nikajua imekwisha. Nikaanza hata kufikiria gari la saa nane. Lakini Mama Vestina, ambaye njegere ni zake na hasira ilikuwa haki yake, alikuwa anatazama wale watoto waliokwishamzunguka Karani, mmoja anamfuta jicho kwa shati la shule. Akatema mate pembeni.

"Farasi asiuzwe," akasema. "Farasi hana kosa, ameitwa, ameitika. Aliyemfundisha kuitika ndiye atakayenipandia njegere zangu upya. Kwa jembe. Yeye mwenyewe. Na huyu mnyama akitaka uji, aletwe kwa barabara ya juu, ameshikwa kamba, kama watu."

"Nimekubali," Mama Leokadia akasema kabla sijafungua mdomo. Halafu akanigeukia. "Karani anabaki. Wewe nitakufikiria."

Mmeona? Farasi kashinda kesi! Mwizi kabaki kazini, na mimi niliyekwenda kumtetea niko kwenye matazamio!

Lakini bado. Mzee Chesco alikohoa, akavaa koti lake vizuri. "Kuna jambo la Jilala," akasema. "Huyu kijana tulikuwa dakika moja tumfukuze. Na sababu ni mdomo wa mtu mmoja."

Watu wote macho kwangu, na simu zote. Hapa sasa ndipo ile hasira niliyoiweka kando ilipokuja na kunikaa kichwani. Maana niliijua ile sahani. Nataka niwaambie ukweli ninyi, kwa sababu pale sikuusema. Siku ile alipochuchumaa akasema hii ni sahani, nilijua anasema kweli. Nimesafisha kwato za farasi miaka mingi ya ujana wangu, sahani ya farasi naijua hata gizani kwa kidole. Nikasema inapanuka. Niliogopa kufunga begi tena, nikaona ni nafuu afunge yeye.

Nikavua kofia. "Jilala, ndugu yangu," nikasema, "nimekukosea. Naomba msamaha mbele ya watu hawa."

Alitikisa kichwa. Nikadhani atakataa. Halafu akanyoosha mkono kuelekea ng'ambo, kule mteremkoni, punda wake walikofungwa.

"Mimi hukunisema. Uliwasema wale."

Watu wakapiga yowe la furaha. Nikatazama huku na huku nione kama ni utani. Uso wa Jilala haukuwa na utani hata chembe. Kwa hiyo tukarudi wote, kitongoji kizima, na watoto wa shule na vikombe vyao, kupitia barabara ya juu safari hii. Nikasimama mbele ya punda wanne, kofia mkononi, nikawaambia, "Punda, nisameheni. Kwato yenu haipanuki."

Watatu walinitazama. Wa nne akanigeuzia mgongo, akaendelea na gunia lake.

Jilala akawafungua, akawaswaga kwenda msituni kwenye mbao zake, akanipungia mkono kama kila siku. "Haya kaka, kesho."

Sasa niko chumbani, mikono ina malengelenge tayari, nimelima mistari miwili imebaki saba (mmoja ni wa Karani, mingine ilikanyagwa na mkutano ukitufuata mbio). Simu inalia kila dakika, watu wa Mbeya, watu wa Iringa, mtu mmoja hata kutoka Tunduma simjui, wote wanacheka mpaka hawawezi kuongea. Nawauliza swali moja tu. Kwenye bonde lile leo, mtu pekee aliyekuwa na haki ya kunicheka ni Jilala, na yeye hakucheka. Sasa wewe unayejishika mbavu huko, haki hiyo umepewa na nani?